Wembe wa Sabini na Moja

Katika Tabora ya enzi za Mwingereza, mzee akifa na warithi wakafungua sanduku lake, haukukosa kuonekana wembe mkongwe chini kabisa, umeviringishwa kitambaa. Ukishaonekana, safari yake ilikuwa moja tu: kwa Thabit bin Abbasi, kinyozi, kwenye kibaraza chake karibu na soko. Hawakumpelekea aunoe. Walimpelekea aseme umri wake.

Na msiwacheke. Mji ule ulilelewa na misafara. Kila ukoo ulikuwa na babu aliyekuja na msafara fulani, na kila babu, ukiwasikiliza wajukuu zake, alifika mwanzo kabisa, kabla ya babu wa jirani. Pembe zilikwisha kuuzwa, bunduki serikali ilizichukua, nyumba za udongo mvua ilizilaza chini. Wembe ulibaki, kwa kuwa hakuna aliyeona faida ya kuuchukua. Basi wembe ukawa shahidi wa ukoo, na Thabit akawa kadhi wa kumsikiliza shahidi huyo.

Alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyecheka na wateja, jambo la ajabu kidogo, maana vinyozi tunawajua, ulimi wao una makali kuliko kazi yao. Ukimpa wembe aliukunjua, akayaacha makali, akatazama shingo, pale chuma kinapoingia kwenye mpini. Hapo ndipo mafundi wa Ulaya wanapogonga alama zao. Herufi za Kizungu hakujua kuzisoma. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, alifundishwa za Kiarabu tu. Lakini alikuwa ameshika nyembe za wazee wengi ambao habari zao alizijua, nani alifika lini na nani alikufa lini, na kidogo kidogo jicho lake likaona ambayo wenye nyembe hawakuyaona. Nyembe za waliokufa kabla ya Wajerumani kuja zilikuwa na taji, au jina la fundi, au jina la mji, basi. Zile zilizonunuliwa baada ya Wajerumani kujenga boma lao zilikuwa na neno moja zaidi, linaloanza kwa herufi iliyopinda kama ndoana.

Alimwuliza Marko, mwalimu wa dini wa misheni, neno lile ni nini. Marko akamwambia ni jina la Udachi, nchi ya Wajerumani wenyewe, na kwamba zamani vitu vya Ulaya havikuandikwa nchi, ila baadaye ikawa sharti. Tangu siku hiyo Thabit akaliita neno la ndoana, na kwake lilikuwa mpaka. Wembe wenye neno hilo ulifika Tabora ikiwa tayari mikononi mwa Mzungu, hata mwenyewe aape vipi. Marko huyohuyo alimtoa ujinga wa pili. Nyembe nyingine zilikuwa na taji, na chini ya taji alama ya V, ambayo kwa mtu aliyesoma Kiarabu ni tarakimu ya saba, haina ubishi. Marko akasema si saba, ni herufi, ni mwanzo wa jina la malkia wa Waingereza aliyekwisha kufa. Thabit akashukuru, akaiweka akilini, akawa anaitumia kwa nyembe za watu.

Hakuwa na huruma katika kazi hiyo. Raymundi, mkulima wa Ipole, alitembea siku tatu na wembe ambao babu yake mpagazi, kwa maneno ya nyumbani kwao, alipewa na Mzungu wa kwanza kupita njia ile. Thabit aliutazama kwa muda wa kupiga chafya. "Huu umekuja na gari moshi," alisema. Raymundi alisimama pale na kofia mkononi. "Ungeweza kuninyamazia, fundi," alisema mwishowe. Thabit akamjibu, "Umeniuliza," akamwita mteja aliyefuata.

Sasa, kinyozi hajinyoi. Ndani ya chumba cha Thabit, ukutani juu ya kitanda, ulining'inia wembe wa kwao. Mpini wake ulikuwa wa pembe ya ndovu, una kinyota cha fedha karibu na msumari, na shingo yake ilikuwa imezungushiwa waya wa shaba, ule wa bangili za Kinyamwezi, kwa kuwa, hivyo alivyoambiwa, ilikuwa na ufa. Juu ya waya palibaki nafasi ndogo inayoonesha alama: V, na kando yake kijiti kimoja kilichosimama. Saba na moja. Sabini na moja. Baba yake, Abbasi, naye kinyozi, alimwekea kidole palepale alipokuwa mtoto. "Mwaka elfu moja mia mbili na sabini na moja wa Hijra," alimwambia. "Mwaka aliokuja babu yako kutoka pwani na msafara, mtu huru, na wembe wake mwenyewe kiunoni. Watu wakikuambia vingine, waoneshe huu."

Na watu walisema vingine. Walisema kwa kunong'ona kwamba babu huyo hakutoka pwani bali Manyema, na kwamba alifika Tabora shingo yake imefungwa kwenye kamba ya wengine. Siku hizo watumwa hawakuwapo tena, serikali ilikwisha kupiga marufuku, lakini midomo serikali haikuiweza. Kwa hiyo Thabit aliutunza wembe ule kama watu wanavyotunza hati ya shamba. Haukunyoa ndevu za mtu. Ulitolewa siku ya akika tu, mtoto wa ukoo anaponyolewa nywele za tumboni, na mara ya mwisho ulimnyoa Amne, binti yake wa pekee. Marko alipomwambia kwamba V si saba, Thabit hakwenda kuutazama ukutani. Wala wazo hilo halikumjia, au lilimjia akalifukuza. Mimi nadhani alilifukuza.

Mambo yalianza kwa ndevu. Kijana wa Darwesh, mfanyabiashara wa nguo, ukoo wa Kiomani ulioishi Tabora vizazi vitatu, alianza kuja kunyolewa kila baada ya siku chache, na ndevu zenyewe zilikuwa haba kama mahindi ya mwaka wa njaa. Amne alikuwa akimletea baba yake chai kibarazani. Haukupita muda mrefu Thabit akaelewa kwamba ananoa wembe kwa ajili ya ndevu zisizokuwapo. Hakukasirika. Tangu mkewe Tufaha afariki, nyumba yake ilikuwa kimya, na sasa Amne alikuwa akiimba anapoosha vyombo, kwa sauti ya chini, akidhani hasikiki.

Darwesh alikuwa mtu mpole, na mwanawe alikuwa mmoja. Lakini nyumbani kwake mwenye neno la mwisho alikuwa dada yake mkubwa, Bi Khole, aliyewazika waume wawili na kuikumbuka nasaba ya kila mtu mjini. Inasemekana Darwesh alimwambia, "Dada, mtoto akililia wembe mpe." Bi Khole akamjibu, "Tumpe, lakini kwanza tuutazame umetoka wapi." Alitaka kufu. Mume na mke lazima walingane asili, na kitukuu cha mtumwa si kufu ya ukoo wao. Kijana akajitetea kwamba wembe wa babu yake Thabit yeye ameuona kwa macho yake, una tarehe. Basi likapitishwa: Ijumaa baada ya sala Thabit aje na wembe, Bi Khole auone, na fatiha ya posa isomwe hapohapo.

Alhamisi mchana Thabit alifunga kibaraza mapema. Alitaka wembe ung'ae. Waya wa shaba ulikuwa umeota kutu ya kijani, na kutu haisafishwi juujuu, kwa hiyo akaufungua, mzunguko baada ya mzunguko, akiuweka uzi wake magotini. Aliutafuta ufa ili asije akauvunja. Hapakuwa na ufa. Shingo ilikuwa nzima. Alipougeuza upande wa pili, aliliona neno la ndoana.

Alilitazama kwa muda mrefu. Alijaribu kujiambia kwamba huenda ni neno jingine linalofanana, lakini jicho lake lilikwisha kulizoea mno, lilimsuta. Babu alikufa boma la Wajerumani halijajengwa. Hilo halikuwa na shaka, kaburi lake lilijulikana. Wembe huu babu hakuwahi kuugusa. Na ile sabini na moja, ambayo Marko aliifuta zamani kwa maneno mawili, haikuwa mwaka wala tarakimu, ni herufi za Kizungu tu. Baba yake aliupata wembe mwenyewe, akauvika waya, akamwekea mtoto kidole juu ya uongo. Thabit alimkasirikia, na papo hapo alimwonea uchungu, akamwona alivyokuwa, mzee mwenye kikohozi anayewanyoa matajiri akiwa amesimama wao wamekaa, anatafuta kitu cha kumwachia mwanawe ili asiinamishe uso. Alilia kidogo. Halafu akauzungushia waya ule tena, akaukaza kwa koleo, kwa sababu jikoni Amne alikuwa akiimba.

Ijumaa alivaa kanzu yake nzuri, akautia wembe mfukoni, akaenda. Darwesh alikuwa bado amezuiwa na watu mlangoni pa msikiti, kwa hiyo aliyempokea ni Bi Khole, ameketi juu ya mkeka sebuleni na sahani ya tambuu mbele yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Thabit. Kaa. Mdogo wangu anakuja, msikiti humshika kuliko soko." Alimtazama, si kwa ubaya. "Wanasema wewe huziuliza nyembe nazo zikajibu."

"Ni mazoea tu, bibi."

"Basi kabla hujanionesha wako, nisomee wangu. Wa marehemu baba. Mimi nilikuwa msichana mdogo uliponunuliwa."

Alivuta kasha kutoka nyuma ya mto, akalifungua. Ndani palikuwa na mahameli nyekundu iliyofifia, ina vitanda viwili vya nyembe ubavu kwa ubavu. Kimoja kilikuwa na wembe. Kingine kilikuwa kitupu, na mahameli yake ilikuwa bado na wekundu wa zamani.

Thabit aliutoa ule uliokuwapo. Mpini wa pembe ya ndovu. Kinyota cha fedha karibu na msumari. Shingoni, V na kijiti. Aliugeuza, na neno la ndoana likamkodolea macho, wazi, bila waya. Alihisi wembe wa mfukoni ukimlemea pajani.

"Eh? Wa lini?"

"Wa siku za Mjerumani, bibi. Wakati boma limekwisha kujengwa."

"Sawasawa," Bi Khole alisema, akaridhika. "Ndivyo ilivyokuwa. Zilikuja mbili, pacha. Baba alizipenda kuliko watoto wake."

Thabit alijua asiulize. Akauliza. "Na wa pili?"

"Uliibiwa." Alikunja jani la tambuu taratibu. "Tulikuwa na mtumishi, Mayala, Mnyamwezi wa huku Ntalikwa, kazi yake ni kuchemsha maji ya kunyolea. Wembe ulipopotea baba alimfunga kwenye nguzo ya uani, akapigwa mpaka nikaziba masikio. Hakukiri. Aliapa kwa mama yake, aliapa kwa Msahafu, naye hata Mwislamu hakuwa. Lakini alikuwa ameonekana akifungua kasha."

"Nani alimwona?"

"Baba yako." Bi Khole alisema hivyo kama mtu anayempa mgeni zawadi ndogo. "Hukuambiwa? Abbasi ndiye aliyekuwa akija kumnyoa baba kila Ijumaa, Mungu amrehemu, mkono wake ulikuwa mwepesi. Yeye ndiye aliyesema. Bila yeye tusingemjua mwizi."

Thabit aliurudisha wembe kitandani mwake. "Na Mayala akaishia wapi?"

"Alirudi kwao Ntalikwa, akafa si mzee. Nasikia wanawe hata leo huitwa Wana wa Wembe. Hawapewi kazi penye kufuli." Alilifunga kasha. "Ya kale hayo. Haya, niwekee wako hapa, nami niutazame."

Hodi ya Darwesh ilisikika mlangoni, akaingia akitoa pole kwa kuchelewa, na nyuma yake mwanawe, amenyolewa vizuri, hana pa kuweka mikono. Walisalimiana. Darwesh aliketi, akapiga goti lake kofi jepesi. "Tusimchoshe fundi. Tuuone huo wembe, tusome fatiha, tule."

Kusema umepotea kusingefaa. Kijana aliuona ukutani juzi tu, na Darwesh, kwa wema wake, angewatuma watu wote wa nyumba wausake. Kusema ameusahau kungemletea wageni kibarazani kwake jioni hiyohiyo. Maadamu Bi Khole alikuwa na sababu ya kuutaka wembe ule, siku moja angeuweka katika kile kitanda kitupu, nao ungeingia bila kusukumwa. Abbasi angekuwa mwizi, tena mwizi aliyemtwisha mwenzake kamba. Thabit aliiona njia moja tu, nayo ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna mtu tena mwenye haja ya kuuona.

"Hakuna cha kutazama," alisema. "Wembe ule niliununua mnadani. Tarehe niliitunga."

Darwesh alitabasamu, akidhani ni mzaha, halafu tabasamu likamwisha. "Ulinunua?"

"Babu yangu hakutoka pwani. Aliletwa kutoka Manyema. Alikuwa mtumwa. Watu wanavyosema ndivyo ilivyo."

Hakujua kama ni kweli. Huenda babu alikuwa huru kama upepo. Wembe haukuwa umesema lolote juu yake, kwa ubaya wala kwa wema. Lakini neno lilikwisha kutoka, na alilitoa kwa sauti ileile aliyozoea kuwaambia watu umri wa nyembe zao, na hapakuwa na mtu Tabora aliyewahi kuitilia shaka sauti hiyo.

"Thabit," Darwesh alisema polepole, "hakuna aliyekulazimisha kusema haya. Mimi ningetosheka na neno lako tu."

"Ndilo hilo neno langu."

Kijana alimtazama baba yake, halafu shangazi yake, halafu sakafu. Bi Khole alitia tambuu kinywani, akatafuna. Kisha akatikisa kichwa kwa heshima ambayo hakuwa amemwonesha hapo awali. "Ndoa haiwezekani," alisema, "hilo unalijua. Lakini nitakusifu mbele ya watu. Si kila mtu anaweza kusema kweli juu ya wazee wake."

Thabit aliaga. Alipita njia ya nyuma, ya makaburi, ili asikutane na wateja. Alimfikiria baba yake, akamfikiria Mayala kwenye ile nguzo. Ntalikwa haikuwa mbali. Angeweza kwenda siku hiyohiyo, akaulizia nyumba ya Wana wa Wembe, akauweka mbele yao, akawaambia baba yenu hakuiba. Alisimama njiani kabisa, amegeukia upande huo, na watu waliompita walidhani anasubiri mtu. Kisha akaendelea kwenda nyumbani. Alikuwa amekwisha kumuuza mtoto wake ili kumficha mzee. Akimfichua sasa, alimuuza kwa bei gani? Hivyo ndivyo alivyojieleza, na maelezo hayo hayakumpoza.

Amne alikuwa amefagia uwanja, amevaa kanga mpya, na wanawake wawili wa jirani walikuwa wamekaa naye wakisubiri kupiga vigelegele. Walipouona uso wa Thabit waliinuka mmoja mmoja, wakakumbuka kazi zao. Amne alimpokea baba yake kofia, kama alivyozoea, akamwekea maji. Hakuuliza mpaka alipomaliza kunywa.

Thabit alimwambia kwa ufupi. Alimwambia alivyowaambia wao: babu alikuwa mtumwa, wembe ni wa mnadani. Kasha la Bi Khole hakulitaja.

"Ni kweli, baba?"

Mlango ulikuwa umefungwa, hapakuwa na mtu mwingine wa kusikia. Wembe ulikuwa bado mfukoni mwake. "Ni kweli," alisema.

Amne alikaa chini, palepale kwenye sakafu, akaivua ile kanga mpya mabegani, akaikunja vizuri, pembe juu ya pembe, kama kitu cha kurudishwa dukani. Hakulia. Thabit alitamani alie, alitamani amtukane, lakini binti huyo alilelewa na mtu wa maneno machache.

"Na siku zote ulijua?"

"Nilijua."

"Basi ungeniambia mapema, baba," alisema, "kabla sijampenda."